Uapdeti palepale au uweke toleo jipya sambamba? Namna ya kuamua

Kuna mtu akiona tu kale kakisanduku ka apdeti anabonyeza kubali hata hajasoma, na kuna mwingine ana matoleo manne ya programu moja kwenye mashine na hajui lipi linafunguka akibofya faili. Wote wawili siku ikifika watalia, kila mmoja kwa staili yake.

Swali la kuanza nalo ni data yako inakaa wapi na toleo jipya likiigusa litaifanyaje. Programu yenyewe utaidanlodi tena saa yoyote unayotaka, ila data ikishageuzwa fomati ndo imetoka hiyo, la zamani halitaisoma au litaisoma nusunusu.

Kwanza angalia namba. PostgreSQL, ambayo ni programu ya databesi, ikitoka 16.3 kwenda 16.4 hiyo ni kurekebisha matatizo na kuziba matundu ya usalama tu, fomati ya data haiguswi, apdeti palepale, restati sava, endelea na kazi. Ikitoka 16 kwenda 17 hapo ni habari nyingine, sava ya 17 haiwaki kabisa kwenye folda ya data ya 16, itakataa. Programu nyingi zinafuata mtindo huo, namba ya mbele ikibadilika ndo uamke, ila sio zote, kwa hiyo maelezo ya toleo yasome hata kama ni marefu, ruka matangazo yote nenda moja kwa moja kule wanakoandika vitu vilivyoondolewa na vitu vinavyovunjika.

Vitu kama brauza usiviwazie sana. Apdeti palepale, kila mara, maana brauza ya zamani ni mlango umeachwa wazi. Kama lazima uwe na mbili kwa ajili ya kutesti, Firefox tangu toleo la 67 inaipa kila instoleshen profaili yake (folda ya bukumaki, paswedi na setingi zako), na profaili iliyokwisha kutumiwa na toleo jipya ukijaribu kuifungua na la zamani inakukatalia, na afadhali ikatae kuliko ikuharibie.

Python, ile lugha ya kuandikia programu, ndo kinyume kabisa. Kwenye Linux kama Ubuntu ile python3 ya mfumo usiiguse, narudia, usiiguse, kuna zana kibao za mfumo wenyewe zinaitegemea, ukiibadilisha kwa nguvu unaweza kukuta hata teminali haifunguki. Unachofanya ni kuweka 3.12 sambamba, iitwe kwa jina lake python3.12, na ukiijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi yake (source code) tumia make altinstall badala ya make install ili isikalie jina la python3. Halafu kila projekti ipe mazingira yake, yaani folda yenye Python na paketi zake peke yake: python3.12 -m venv .venv, basi, projekti ya zamani inabaki na yake na mpya ina yake na hazijuani. Kwenye Windows andika py -0 uone zote ulizonazo, ukitaka mojawapo andika py -3.12. Node, ya kuendeshea JavaScript, nayo ni hivyohivyo, zana ya nvm itakusaidia kubadili matoleo.

Sasa turudi kwenye databesi, hapo ndo watu wanaumia. Tuseme uko kwenye Debian au Ubuntu, una PostgreSQL 16 na unataka 17. Chukua bakapu kwanza kwa pg_dumpall (amri inayotoa nakala ya databesi zote) na uihifadhi nje ya hiyo mashine, na ujaribu kuirudisha mahali, bakapu ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Angalia diski, kwa muda data itakuwepo mara mbili. Instoli postgresql-17 halafu andika pg_lsclusters, utaona klasta mbili, yaani sava mbili kila moja na folda yake ya data: 16 main kwenye poti (namba ambayo programu zinaunganishia) 5432 na 17 main kwenye 5433, hiyo ya 17 ni tupu, imetengenezwa yenyewe wakati wa kuinstoli. Ifute hiyo tupu kwa pg_dropcluster 17 main --stop, na hapa tafadhali soma namba mara mbili kabla hujabonyeza Enter kwa sababu ukiandika 16 hakuna atakayekuuliza una uhakika. Simamisha programu zote zinazoandika, kisha andika pg_upgradecluster 16 main, ndo inayohamisha data. Ikimaliza, 17 inachukua poti 5432 na 16 inazimwa inabaki kando na data yake yote. Kama unatumia nyongeza kama PostGIS (ya data za ramani), paketi yake ya 17 iwe imeshainstoliwa kabla hujaanza.

Kuna mtego ambao watu hawauoni: ile 16 iliyozimwa inakulinda mpaka pale watumiaji watakapoanza kuandika kwenye 17. Kuanzia hapo ukirudi nyuma kila kilichoandikwa baadaye kinapotea. Kwa hiyo testi kabla ya kuwafungulia watu, sio baada. Na ukitumia pg_upgrade (zana ya kuhamisha ya PostgreSQL yenyewe) na ile opsheni ya --link kwa sababu inaenda haraka, jua kwamba faili zinatumiwa na pande zote mbili, ukishawasha sava mpya tu, ile ya zamani sio salama kuiwasha tena, yaani jina ni sambamba ila kwa vitendo ulishahama.

Mtego huohuo uko hata kwenye programu za kawaida za mezani. Blender, ya kuchora 3D, unaweza kuweka matoleo mengi, kila moja folda yake na setingi zake, hayagombani kabisa, ila projekti ukiisevu kwenye jipya la zamani linaweza kukosa kuifungua au likafungua na vitu vimepungua. Sevu kwa jina lingine, kazi imeisha. Na chunguza kama programu yako inatenganisha setingi kwa namba ya toleo au zote zinachota folda moja, kama ni folda moja basi hapo hujaweka sambamba, umeweka mbili zinazong'ang'ania sahani moja.

Mifumo ya uendeshaji yenyewe siku hizi inachanganya njia zote mbili. Ubuntu haifuti kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani mara moja, mashine ikigoma kuwaka unaichagua kwenye GRUB, ile menyu ya wakati wa kuwasha. Android tangu 7.0 inaruhusu simu kuwa na seti mbili za patisheni (sehemu za hifadhi zinazobeba mfumo), apdeti inaandikwa kwenye ile isiyotumika wewe ukiendelea kuchati, ukirestati ndo unahamia, ikishindwa inarudi ya mwanzo. Windows nayo inakuachia folda ya Windows.old, ila ni siku 10 tu za kurudi, usijisahau.

Kufuta la zamani usikawize sana, maana toleo lililolala pale mara nyingi halipati marekebisho ya usalama na linakula diski. Kabla ya kulifuta angalia PATH (orodha ya folda ambako mfumo unatafuta programu), angalia skripti zako na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) kama kuna inayoliita kwa anwani kamili, kutafuta namba ya zamani kwa grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya faili) kwenye folda za setingi, skripti na cron kunasaidia kuzifichua. Zikiisha, futa.