Kumchuja mpangaji kabla hujampa ufunguo: hatua ninazofuata hapa Mtwara

Mpangaji wangu wa kwanza pale Magomeni sikumuuliza kitu zaidi ya jina. Alilipa miezi mitatu taslimu, nikaona nimepata mtu. Mwezi wa nne ikaanza "kesho, mama", na usiku aliohama aliniachia deni la miezi mitano. Tangu hapo hakuna anayeingia kwangu bila kupitia hatua hizi.

1. Ongea naye mwenyewe

Dalali anachukua kodi yake ya mwezi mmoja siku mtu anapoingia; huyo mtu akikwama baadaye, mzigo ni wako. Kwa hiyo dalali akae pembeni, mpangaji ajieleze: anatoka mtaa gani, kwa nini anahama, wataishi wangapi. Kabila na dini siulizi. Wenye nyumba wengi wanawanyima vyumba wasichana wanaoishi peke yao, na wanawakosea sana. Kwenye daftari langu hao ndio wanaolipa kabla sijawakumbusha.

2. Kitambulisho

Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa 14 Machi 1994, namba yake inaanza 19940314. Muulize tarehe kwanza, ndipo utazame kadi. Akuletee pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka.

3. Hela inaingia lini, na inabaki ngapi

Hapa usiharakishe.

Kwa mwajiriwa, omba salari slipu ya karibuni na usihangaike na mshahara wa juu. Shuka kwenye makato. Mwalimu mmoja alinionyesha mshahara wa 800,000, lakini baada ya kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (hiyo peke yake hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi) na mkopo wa benki, kilichobaki kilikuwa 290,000. Chumba na sebule alichotaka ni 120,000. Kipimo changu ni kwamba kodi isizidi theluthi ya kinachobaki mkononi. Nilimwonyesha hesabu, tukakubaliana chumba kimoja cha 80,000, na hadi leo tunaishi vizuri.

Anayetegemea korosho usimdai kila mwezi, utaumia wewe na yeye. Minada huanza Oktoba, na mkulima analipwa baada ya mzigo wake kuuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika. Tazama risiti zake za msimu uliopita, kisha mpangie alipe miezi sita au mwaka kwa mkupuo fedha zikitoka. Swali moja usiliache: je, korosho za mwaka huu ameshaziuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, nje ya mnada? Kama ndiyo, msimu utafika na hela haitakuwepo.

Bodaboda, mama lishe, muuza samaki: aje na taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu. Mimi natazama kama hela inaingia kila wiki, hata ikiwa kidogo kidogo, na kama mikopo ya simu inarudi mfululizo. Anayekopa leo kulipa mkopo wa jana, kodi yako ataikopea pia.

4. Taarifa ya mikopo

Nchini kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazotunza kumbukumbu za mikopo, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet. Usimchunguze mtu kwa mlango wa nyuma. Mwombe achukue taarifa yake mwenyewe akuletee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Tazama mikopo iliyochelewa kulipwa na kama ilimalizwa. Aliyechelewa zamani akamaliza deni, mimi nampokea. Ila kausha damu za mtaani (mikopo ya riba kubwa isiyo rasmi) na deni la kodi alilomwachia mwenye nyumba wa Chikongola usitegemee kuziona humo, ndiyo maana hatua inayofuata siiruki.

5. Mwenye nyumba wa zamani

Wa sasa anaweza kumsifia ili aondoke. Mtafute aliyemtangulia.

"Shikamoo baba."
"Marahaba, mwanangu."
"Kuna kijana anataka chumba kwangu, anasema aliwahi kukaa kwako. Leo akirudi, utampa tena?"

Kisha nyamaza usikilize. Mzee mmoja wa Mikindani alikaa kimya kidogo, akasema, "Kijana hana ugomvi." Juu ya kodi hakusema neno. Nilielewa.

6. Mkataba

Uandikwe, uwe na mashahidi wa pande zote mbili, utaje tarehe ya kulipa na mgawanyo wa umeme kama mita ni moja.

Aliyekosa chumba mpigie siku hiyohiyo umwambie, maana huenda ameshaanza kufunga mizigo. Halafu picha ya kitambulisho chake na taarifa za hela zake zifute kwenye simu yako.