Kabla ya kusambaza antivirusi kwenye kompyuta zote za ofisi

Ukisakinisha antivirusi inayosimamiwa kutoka seva moja (kompyuta kuu ya ofisi), usiisambaze kwenye kompyuta zote kwa mpigo. Anza na chache kutoka idara tofauti, uone kama programu ya uhasibu au hifadhidata inakwama. Na uondoe kwanza antivirusi ya zamani, maana mbili zikikaa pamoja hugombania mafaili yale yale na mashine inakuwa nzito mno.

Weka mapema nywila ya kuwazuia watumiaji kuizima au kuiondoa. Hili wengi hulisahau. Seva nayo ipe anwani ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) isiyobadilika, la sivyo kompyuta zitaipoteza na zitaacha kupata masasisho kimyakimya.

Kompyuta zilizonakiliwa kutoka diski moja huweza kubeba kitambulisho kimoja, zikaonekana kama mashine moja kwenye orodha ya seva. Zihesabu zilizopo ofisini, ulinganishe.

Kisha jaribu kwa EICAR, faili la kupimia antivirusi, lenye herufi 68 tu. Si kirusi wala halidhuru chochote, lakini antivirusi inayofanya kazi hulikamata. Likikamatwa na taarifa isifike kwenye seva, kagua kwanza fayawoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao.