Matokeo yakitoka: mzazi ashike kalenda, kijana ashike uamuzi

Wapo vijana wanaokosa chuo kikuu wakiwa na alama za kutosha kabisa. Wamejaza kozi zilezile zinazogombewa na kila mtu, wamesahau nywila, wamepata nafasi wakaacha kuithibitisha, au familia imetumia siku nne kulaumiana huku dirisha la udahili likiwa wazi. Makosa haya yanauma kuliko alama mbaya, maana yote yanazuilika. Mgawanyo wa kazi unaofaa ni huu: mzazi au mlezi anashika kalenda na makaratasi, kijana anashika uamuzi. Mambo huharibika pale wanapobadilishana, mzazi akawa ndiye anayechagua kozi na kijana aliyevurugika akaachiwa kufuatilia tarehe.

Kabla matokeo hayajatoka

Wiki mbili kabla, kusanyeni kila kitu kwenye faili moja: namba ya mtihani na mwaka wake, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani iliyotangulia, kitambulisho au pasipoti, na picha ndogo za karibuni. Kila hati ipigwe skani peke yake, kwenye mwanga wa kutosha, kingo zote nne zionekane, kisha ihifadhiwe ikiwa na jina linaloeleweka. Mifumo ya maombi huweka kikomo cha ukubwa wa faili. Likizidi linakataliwa, na usiku wa mwisho wa maombi si wakati wa kujifunza namna ya kulipunguza.

Barua pepe iwe ya kijana mwenyewe. Ile aliyopewa na shule huweza kufungwa akishamaliza, na ile ya mtu aliyemsaidia kujaza fomu itapokea ujumbe ambao yeye hatauona. Namba ya simu nayo isibadilishwe mpaka awe amesajiliwa chuoni. Nywila ziandikwe kwenye daftari, kwa herufi kubwa na ndogo kama zilivyo.

Kisha majina. Yalinganisheni herufi kwa herufi kwenye hati zote. Jina likiwa Hadija kwenye cheti cha kuzaliwa na Khadija kwenye cheti cha mtihani, kompyuta inaona watu wawili, na mara nyingi ni ombi la mkopo au la ufadhili linalokwama hapo. Marekebisho hupitia ofisi zaidi ya moja, kwa hiyo yaanze mapema, matokeo yawe mazuri au mabaya.

Jambo la mwisho katika wiki hizi, na huenda ndilo lenye faida kubwa zaidi: andikeni mipango mitatu kwenye karatasi. Tutafanya nini akipata alama anazozitarajia? Akipungukiwa daraja moja au mawili? Akipungukiwa sana? Kila mpango uwe na majina ya kozi na vyuo, si maneno ya jumla. Uamuzi ulioandikwa kichwa kikiwa kimetulia ndio unaosomeka siku ambayo kichwa hakijatulia.

Siku yenyewe

Mwulize mapema anataka kuyaona vipi: peke yake chumbani, na wewe pembeni, au na rafiki mmoja. Halafu heshimu jibu lake. Kumchungulia kwa namba yake kabla hajaamka ni kumnyang'anya habari iliyo yake, na vijana hawasahau jambo hilo upesi.

Tovuti ya matokeo huelemewa saa za mwanzo. Subirini, jaribuni tena baada ya nusu saa. Msifungue viungo vinavyosambazwa kwenye makundi ya simu vikidai kuwa ni "njia ya haraka", kwa sababu vingine vimetengenezwa kuiba namba na nywila. Anwani ya tovuti rasmi iwe imeandikwa kwenye daftari tangu kabla.

Sentensi yako ya kwanza atakaa nayo muda mrefu. Ikiwa matokeo ni mazuri, msifu kwa kazi aliyoifanya kabla ya kutaja kozi. Ikiwa si mazuri, "Nimeona. Pole. Niko hapa, na leo hatuamui kitu" inatosha. Maswali ya "ilikuwaje" yanaweza kusubiri kesho. Majina ya watoto wa watu wengine na alama zao yasitajwe kabisa. Kubalianeni pia neno moja la kuwaambia ndugu wanaopiga simu, kwa mfano, "Yametoka, tunashughulikia maombi, tutawaambia", na mzazi ndiye apokee simu hizo.

Kusoma karatasi ya matokeo kama ofisi ya udahili inavyoisoma

Hapa ndipo familia nyingi hujichanganya, na mtu hukata tamaa bure au hujipa matumaini bure. Ofisi ya udahili inatazama vitu vitatu tofauti: daraja la jumla, alama za masomo ya lazima kwa kozi husika, na ushindani wa mwaka huo.

Tanzania inaonyesha vizuri jinsi hesabu inavyoweza kupotosha. Kwenye divisheni za kidato cha sita A ina pointi 1 na F ina pointi 7, kwa hiyo pointi chache ndizo sifa, na divisheni ya kwanza ni pointi 3 hadi 9. Kwenye udahili wa vyuo vikuu mizani inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kigezo cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili yanayohusika na kozi, yaliyofaulu kwa A hadi E, yenye jumla isiyopungua pointi 4.0. D mbili zinafika hapo, C na E nazo zinafika. Anayechanganya mizani hizi mbili atasoma kitabu cha mwongozo kichwa chini miguu juu.

Kenya nayo, wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ndio unaofungua mlango wa shahada, lakini kozi yenyewe hugawiwa kwa pointi za klasta zinazotokana na masomo manne. Wanafunzi wawili wenye wastani uleule wanaweza kuwa mbali sana kwa kozi moja. Uingereza, chuo kikitaka ABB, yaani alama za masomo matatu, na A iwe ya Kemia, mwenye AAB aliyepata B ya Kemia hajatimiza sharti, ingawa kwa jumla amezidi.

Tofautisheni pia kigezo cha chini na alama ya mwisho iliyoingia mwaka uliopita. Kigezo cha chini kinakuruhusu kusimama kwenye foleni. Alama ya mwisho iliyoingia inaonyesha foleni iliishia wapi, na hiyo hubadilika kila mwaka kulingana na waombaji na idadi ya nafasi. Chukueni za miaka mitatu ikiwa zimechapishwa, maana mwaka mmoja peke yake hudanganya.

Kupanga machaguo

Mkishakuwa na alama hizo za miaka mitatu, gawanyeni kozi kwa urahisi. Kozi ambayo kijana amevuka alama ya miaka yote mitatu ni ya uhakika. Ambayo yuko katikati, mwaka mmoja juu na mwingine chini, ni ya saizi yake. Ambayo yuko chini ya yote ni ya kuthubutu. Penye nafasi tano, moja ya kuthubutu, mbili au tatu za saizi yake, na zilizobaki za uhakika. Kosa la kawaida ni kuzijaza zote kwa kuthubutu kwa sababu "Mungu atajalia". Hakuna ubaya kumwomba Mungu, lakini fomu ijazwe pia.

Kozi ya uhakika ina mtihani wake. Mwulize: "Ukipata hii tu, utakwenda?" Akisita, itoeni mtafute nyingine. Nafasi ya uhakika ambayo mtu haitaki ndiyo huachwa mwaka wa kwanza, ada ikiwa imeshalipwa.

Mkivutana kuhusu kozi, acheni majina makubwa, tafuteni orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza kwenye tovuti ya chuo. Ketini mezani na kalamu. Kijana aweke alama kwenye masomo ambayo angeyasoma hata bila kulazimishwa, na kwenye yale anayoyaogopa. Mzazi afanye vivyo hivyo kwenye karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Mkilinganisha, mara nyingi mtaona ugomvi ulikuwa wa jina la kozi tu. Kijana anayesema uhandisi anaweza kuwa amekimbia hesabu zote kwenye orodha, na mzazi anayekataa kozi ya mazingira anaweza kugundua imejaa kemia na takwimu.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, hakikisheni mambo mawili: kozi inatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi hiyo, na ikiwa ni fani yenye bodi kama udaktari, sheria au uhandisi, bodi hiyo inaikubali. Pigeni hesabu ya ada ya miaka yote, si ya mwaka mmoja. Ombi la mkopo kwa kawaida ni fomu nyingine, ya ofisi nyingine, yenye tarehe nyingine. Kupata chuo hakukuombei mkopo.

Alama zikipungua

Kwanza tazameni hali ya ombi kabla ya kulia. Vyuo vingine humchukua aliyepungukiwa kidogo ikiwa nafasi hazijajaa. Ikiwa jibu halieleweki, pigeni simu, na apige kijana mwenyewe. Ofisi nyingi hazimjadili mwombaji na mtu mwingine, hata mzazi, bila idhini yake. Mzazi akae pembeni na kalamu.

Mezani pawe na namba ya ombi, alama za kila somo, jina kamili la kozi, na maswali matatu: Je, bado ninafikiriwa kwa kozi hii? Ikiwa hapana, kuna kozi ya jirani yenye nafasi? Jibu la maandishi nitalipata lini na wapi? Aandike jina la aliyezungumza naye na saa. Ajizoeze mara moja kabla ya kupiga, maana sauti ikitetemeka mtu husahau hata namba yake.

Karibu kila mfumo una mlango wa pili. Uingereza kuna Clearing, inayoanza Julai: nafasi zilizobaki hutangazwa, mwombaji hupigia chuo, na huingiza chaguo kwenye mfumo wa UCAS, shirika linaloratibu maombi ya vyuo vikuu huko, baada ya chuo kumkubali. Tanzania huwa na awamu zaidi ya moja za maombi. Mlango huu ni mwembamba kuliko wa kwanza, na anayefika siku ya kwanza akiwa na orodha anamtangulia anayefika wiki ya pili akiwa na hasira.

Rufaa ya kusahihishiwa upya ina ada na siku chache za kuiomba. Katika mifumo mingi alama zinaweza kushuka, si kupanda tu. Inafaa zaidi pale mtu alipokosa daraja kwa alama moja mbili, au somo moja limetofautiana vikali na mengine. Msisimamishe maombi mengine mkisubiri jibu lake.

Njia nyingine zipo: kurudia masomo mawili, mwaka wa maandalizi, au stashahada kisha shahada. Stashahada hurefusha safari, lakini kwa fani za mikono na maabara humfikisha kijana chuoni akiwa anajua kazi. Mimi ningeipendelea kuliko kurudia mtihani uleule kwa mbinu zilezile.

Akijifungia, akaacha kula na kulala, akagawa vitu vyake, au akasema kwamba ni bora asingekuwepo, maombi yote yawekwe kando. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu nyumbani, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Nafasi ikipatikana

Aliyepata zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa utaratibu uliotajwa na ndani ya siku zilizotajwa. Asipothibitisha, nafasi inaweza kupewa mwingine. Piga picha ya skrini inayoonyesha "imethibitishwa", na ihifadhiwe kwenye simu mbili.

Huu pia ndio msimu wa matapeli. Anayeahidi kubadilisha alama, kuuza "nafasi ya ndani" au kuharakisha mkopo anataka pesa tu. Ada hulipwa kwa akaunti au namba ya malipo iliyo kwenye barua ya udahili, na barua hiyo ithibitishwe kwa simu iliyo kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Malazi ya chuo huombwa mapema na hujaa haraka, kwa hiyo ombi litumwe siku ileile ya kuthibitisha. Siku ya kuripoti abebe vyeti halisi, nakala tatu za kila kimoja, na risiti. Akijua atachelewa, kwa ugonjwa au ada kutokamilika, aiandikie ofisi ya udahili kabla ya siku ya mwisho ya usajili, ataje namba yake ya ombi na tarehe atakayofika, na aombe ajibiwe kwa maandishi.