Unaanza kurekodi na kuhariri sauti kwa kompyuta? Pita huku kwanza

Wengi wanaokuja kurekodi kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, swali lao la kwanza ni, "Kaka, ninunue maiki gani?" Mimi huwauliza: utarekodia wapi? Maiki ya bei mbaya ndani ya chumba kitupu cha saruji itanasa mwangwi wote, na mwangwi ukishaingia kwenye sauti hautoki tena vizuri, hata uwe na programu gani.

Hatua ya 1: Andaa chumba

Chagua chumba kidogo chenye vitu laini: kitanda, mapazia, nguo zilizotundikwa. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unabaki hewani, ongeza mablanketi. Kama una godoro la ziada, lisimamishe nyuma ya msemaji, si nyuma ya maiki peke yake, maana maiki nyingi za kuongelea husikia zaidi upande wa mbele, na ukuta ulio nyuma ya msemaji ndio unaozirudishia sauti.

Zima feni. Chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Ule mvumo mzito usiokwisha mara nyingi ni umeme wa gridi, ambao kwetu unakwenda kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mvua ikianza kupiga bati, kunywa chai usubiri. Ukiwa Ujiji, panga ratiba yako ukijua saa za adhana. Mimi napenda alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka.

Hatua ya 2: Maiki

Kwa anayeanza, maiki ya USB inatosha: unachomeka, kompyuta inaitambua, basi. Zile kubwa za studio zinazotumia waya wa XLR zinahitaji kifaa cha kati cha kuziunganisha na kompyuta, na aina ya maiki iitwayo kondensa inahitaji pia umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa hicho. Watu hununua kondensa, wanaichomeka bila umeme huo, halafu wanasema wameuziwa mbovu.

Huna hela? Maiki ya hedifoni za simu inafanya kazi kwenye laptopu yenye tundu moja la hedifoni na maiki kwa pamoja. Si nzuri sana, lakini ndani ya chumba kizuri inaishinda maiki ghali iliyowekwa ukumbini.

Iweke shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Mtu akitamka "papai" au "pepo", pumzi ya ile p hupiga maiki ikatoa kishindo. Maiki ikiwa pembeni, pumzi inapita.

Hatua ya 3: Programu

Pakua Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, kutoka tovuti yake yenyewe. Ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na inakubali Windows, Mac na Linux. Chagua maiki yako, weka mono (njia moja ya sauti; stereo ni mbili) na hezi 44100, yaani vipimo vya sauti kwa sekunde. Sauti ya mtu mmoja haihitaji stereo. Dakika moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 16 ni kama megabaiti 5 kwa mono, na stereo ni mara mbili yake.

Ukirekodi ukaona mstari mnyoofu tu, angalia kwanza kama umechagua maiki sahihi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya faragha ya Windows uone kama programu zimeruhusiwa kutumia maiki.

Hatua ya 4: Rekodi

Mwambie msemaji aongee kwa nguvu atakayotumia kweli, si ile "helo, helo" ya majaribio. Kwenye kipimo cha sauti cha programu, vilele vicheze kati ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) -12 na -6. Vikigonga 0, sauti inakatwa kichwa na inakwaruza. Hiyo rudia, usijidanganye kwamba utaitengeneza baadaye. Sauti iliyo chini kidogo inapandishika.

Bonyeza R, kisha kaeni kimya sekunde 5 kabla ya neno la kwanza. Kimya hicho utakihitaji kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 5: Hariri

Kwanza hifadhi nakala ya asili, usiiguse. Halafu chagua zile sekunde za kimya, fungua "Noise Reduction" (kupunguza kelele) ndani ya menyu ya "Effect", bonyeza "Get Noise Profile" ili programu iijue kelele ya chumba. Sasa chagua sauti yote, rudi palepale na ukubali. Anza na desibeli 6. Ukizidisha, msemaji anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Kukata ndiko kunakoonyesha mkono wa mtu. Tuseme mzee amesema, "Nilikwenda… nilikwenda Kibirizi kununua dagaa." Unataka kuondoa "nilikwenda" ya kwanza. Usikate katikati ya irabu, utasikia mruko. Kuza picha ya mawimbi, utaona kabla ya kila k kuna ukimya mfupi sana, pale ulimi unapoziba hewa. Hapo ndipo pa kukatia: chagua kuanzia kabla ya k ya "kwenda" ya kwanza hadi kabla ya k ya "kwenda" ya pili, bonyeza Z ili mipaka iangukie mawimbi yanapovuka sifuri, kisha futa. Hakuna atakayejua. Na pumzi zote usizitoe. Mtu asiyepumua anachosha kumsikiliza.

Mwisho tumia "Normalize", inayopandisha sauti hadi kilele unachotaka, kwa desibeli -1.

Hatua ya 6: Toa faili

Kuhifadhi mradi si kutoa sauti. Faili la aup3, yaani la mradi, hufunguka kwenye Audacity tu. Ukimpelekea mtangazaji wa redio hatasikia kitu. Tumia "Export": WAV ya kutunza, MP3 (faili lililobanwa, dogo) ya kutuma. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti.

Na wale mnaoniuliza kwa nini rekodi ya simu ya m4a (aina ya faili la sauti) inakataa kufunguka kwenye Audacity ya Windows: inahitaji kiongezeo kinachoitwa FFmpeg. Kisakinishe, funga programu, ifungue upya.