Kabla hujaenda kuprinti ramani, kaa na leyauti yako kwanza

Kuna nyumba nilichora kwa AutoCAD ya pale Gungu, hapa Kigoma, kwenye leyauti (ule ukurasa wa kupangia mchoro kabla ya kuprinti) imekaa vizuri kabisa, nikaweka kwenye fleshi nikaenda Mwanga kuprinti A3, nikamkabidhi fundi, nikajua nimemaliza. Wiki mbili baadaye fundi ananipigia, nguzo moja ya baraza haikai kwenye mstari na kona ya nyumba. Kwenda kuangalia, kumbe pale stationeri karatasi ilibanwa ikatoka asilimia 96 na kile kipimo cha pale mi sikukiandika kwa namba kwenye ramani, fundi wa watu akaweka rula, akasoma mita 4.8 mahali ambapo ni mita 5. Zege lilishamwagwa. Mama mwenye nyumba akalipa vibarua mara ya pili na ile siku iliniuma sana, ndo maana siku hizi kabla sijatoka nyumbani kuna vitu lazima nivipitie.

La kwanza ni karatasi yenyewe, yaani ujue inaenda kutokea wapi. Stationeri nyingi ninazozijua huku Kigoma zinaishia A3, sasa ukipanga leyauti ya A1 kwa sababu ndo uliyoikuta kwenye templeti, mtu ataibana iingie A3 na skeli yako yote (ule uwiano wa mchoro na nyumba halisi) imekufa hapohapo. A3 ni milimita 420 kwa 297. Toa kama milimita 10 kila upande kwa sababu printa za kawaida hazifiki ukingoni, toa na safu ya jina la kazi kulia kama 60, unabaki na 340 kwa 277 hivi. Nyumba ya mita 14 kwa 11 ukiiweka 1:50 inakuwa 280 kwa 220, na vipimo pembeni inakaa kwa kubana lakini inakaa. Ikiwa ndefu zaidi ya hapo shuka 1:100, usijitungie 1:65 eti ili ijaze karatasi, rula ya skeli aliyonayo fundi haina 1:65.

Halafu yuniti, hapa ndo watu wengi wanapotea. Sisi wachoraji wa nyumba tunachora kwa milimita, ila faili la kiwanja likitoka kwa mpima mara nyingi yuniti moja ni mita moja, ukifungua vyupoti (lile dirisha la kwenye leyauti linaloonyesha mchoro) ukachagua 1:200 kama ulivyozoea kiwanja kizima kinakuwa kidoa, mtu anahangaika anadhani faili limeharibika. Halijaharibika. Kwa faili la mita andika ZOOM halafu 5XP, hiyo ndo 1:200 yako, na 10XP ni 1:100, kwa sababu karatasi inahesabu milimita na mita moja ina milimita 1000, ugawe kwa skeli unayotaka. Kuna wanaozidisha mchoro wote mara 1000, mi sishauri kama bado una koordineti za UTM (namba za mpima zinazoonyesha mahali halisi duniani), maana za kaskazini huku mjini zinaanza na milioni 9 na laki 4 na ukizizidisha mchoro unaruka mbali na mahali pake halisi na yule mpima hawezi tena kuutumia.

Ukishapata skeli, funga vyupoti palepale. Ile kufuli ndogo. Ukisahau ukazungusha gurudumu la mausi ukiwa ndani yake skeli imeshahama na macho hayawezi kukuambia. Fremu ya vyupoti nayo iweke kwenye leya (tabaka la mchoro) yake uliyoizima isiprinti, isije ikatoka kama ukuta usiokuwepo.

Maandishi yanayosomeka saiti ni milimita 2.5 kwenye karatasi, kwa hiyo kwenye modo (kule unakochorea kwa vipimo halisi) ni 125 kwa 1:50 na 250 kwa 1:100. Laini za kukatika zikitokea kama mstari mzima kwenye leyauti andika amri hizi: LTSCALE uweke 1, PSLTSCALE uweke 1, kisha REGENALL. Unene wa mistari usiudharau, ukuta uliokatwa milimita 0.5, vipimo na fanicha 0.18, kwa sababu fundi anasoma ramani juani akiwa na vumbi mkononi na kama kila mstari una unene mmoja hajui ukuta ni upi na meza ni ipi. Tena huku kwetu mji umekaa kwenye vilima unateremka hadi ziwani, seksheni (mchoro wa nyumba kama imekatwa wima) ndo inamwonyesha msingi unapanda ngazi wapi, ile isiposomeka hasara yake ni ya mawe na saruji.

Kwenye peji setapu (mipangilio ya kuprinti): printa iwe DWG To PDF, karatasi A3, eneo la kuprinti liwe Layout, skeli 1:1 maana vyupoti imeshafanya hesabu yake, na monochrome.ctb inayogeuza rangi zote kuwa nyeusi, bila hiyo mistari ya njano haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe. Ihifadhi kwa jina, leyauti zingine zote uziitie hiyohiyo. Na upeleke pidiefu, usipeleke DWG (faili lenyewe la AutoCAD), kompyuta ya stationeri haina fonti zako na maandishi yatahama.

Kitu ambacho sikuwa nacho kwenye ile kazi ya Gungu ni mstari wa kupimia. Sasa hivi kila shiti naichora chini pembeni, mstari wa milimita 100 kamili umeandikwa urefu wake, na kwenye begi kuna rula ya kawaida ya shule. Ukifika mwambie dada wa stationeri achague saizi halisi, asilimia 100, asichague ile ya kujaza karatasi, atoe shiti moja tu kwanza. Weka rula juu ya mstari hapohapo kaunta hata kama foleni ipo nyuma yako. Ikisoma 96 au 97, arudi kwenye mipangilio kabla hajatoa ya pili.