Unataka kuanzisha timu ya mabinti mtaani? Usianze na mpira, anza na mama zao

Watu wananiuliza sana eti ulianzaje timu ya mabinti huku Mbagala, Dar es Salaam, basi leo naandika yote nisiwe narudia rudia kila siku.

Niseme ukweli mara ya kwanza niliharibu. Nilinunua mipira miwili, nikaomba kiwanja, nikatangaza mtaani, siku ya kwanza wakaja mabinti ishirini na kitu nikajiona kocha kweli kweli, wiki ya tatu wamebaki sita. Nikasema hawa hawana moyo. Kumbe saa kumi jioni ndo muda wa kuchota maji, kumenya vitunguu vya mama lishe, kukaa gengeni mama akapumzike, kumbeba mdogo mgongoni. Mvulana akitoka kwenda chandimu, mpira wa mtaani, hakuna anayeuliza, binti akitoka swali la kwanza ni vyombo ataosha nani.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata filimbi, pita nyumba kwa nyumba, salimia vizuri, kaa kwenye kigoda, ongea na mama mtu au bibi. Usimwambie "nataka mwanao acheze", muulize siku gani na saa ngapi anaweza kumwachia. Mimi baada ya kuzunguka wiki nzima nikagundua siku zenyewe ni tatu tu, na Jumamosi ni asubuhi, jioni wengi wanasaidia biashara. Ratiba ikitoka kwa akina mama, binti akichelewa kutoka nyumbani mama mwenyewe anamfukuza aende. Ukitoka hapo pita kwa mtendaji na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ujitambulishe, hilo halichukui muda na siku mtu akianza kuuliza maswali utashukuru.

Akina baba ni habari nyingine. Akisema mpira sio wa wanawake usibishane nae, mpe stori ya Serengeti Girls, timu ya taifa ya mabinti chini ya miaka 17, mwaka 2022 walienda Kombe la Dunia U-17 kule India, wakamfunga Ufaransa 2-1 na wakafika robo fainali, halafu muulize taratibu, Taifa Stars imeshacheza Kombe la Dunia lini? Wengi wanacheka na hapo ndo mlango unafunguka. Mavazi nayo mjadiliane mapema, anayetaka skintaiti ndefu na ushungi avae, mpira hauangalii hayo. Na mwezi wa Ramadhani sisi tunaacha kukimbia, tunabaki na madaftari tu.

Sasa hapo kwenye madaftari ndo kuna kazi. Siku za shule tunakutana saa tisa na nusu, dakika arobaini za kusoma halafu ndo mpira. Tulianza chini ya mwembe, baadae mwalimu mkuu mmoja akatupa darasa. Usiajiri mwalimu kama huna hela, chukua binti wa form three amfundishe wa darasa la sita hesabu, wote wawili wanafaidika maana ukimfundisha mtu hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, na wewe unazishika. Kosa langu lingine hili hapa, niliweka sheria kwamba ukifeli huchezi. Nikawapoteza wale wale niliokuwa nawatafuta, yule anayefeli ndo ana shida nyumbani, ukimnyima na mpira umemfukuza mara mbili. Siku hizi sheria ni kuja na daftari basi, liwe na makosa mia tano sijali.

Kuna ambao hawapo shule kabisa, usiwape mpira peke yake. Aliyeacha kwa ujauzito mwambie kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi kwenye mfumo rasmi, wengi hawajui mpaka leo, wengine wanajua ila wanaona aibu, msindikize mwenyewe mpaka ofisi ya mkuu wa shule. Ambaye umri umemtupa kuna njia ya QT (Qualifying Test), yaani mtihani wa maarifa, anasoma ya form one na two, anaufanya huo mtihani, akifaulu anakuja kufanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyekosa hata shule ya msingi ulizia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa.

Pedi ziwe kwenye begi la timu, analishika kapteni, binti asije kumuomba kocha mwanaume. Kwetu akina mama wa kikoba wanachangia kidogo kidogo, na tangu tumeanza hivyo utoro umepungua sana, nilikuwa nadhani ni uvivu.

Usalama sasa, hapa sitanii. Kila mazoezi watu wazima wawili na mmoja awe mwanamke, hakuna binti kubaki peke yake na kocha, hakuna lifti ya bodaboda ya kocha, hakuna kuchati na mtoto usiku, ujumbe wote unapita kwenye grupu la wazazi. Mazoezi yaishe mapema, giza lisiwakute njiani. Akija mtu anasema ni skauti anataka kumchukua binti wa miaka 15 aende kwenye timu mkoani, mkutanishe na mzazi mbele ya mtendaji, wa kweli hakatai, tapeli huwa simu inaanza kutopatikana. Na ukisikia mtoto ananyanyaswa, namba 116 ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, usimalize kifamilia.

Vifaa mwisho kabisa, jezi zinaweza kusubiri mwaka mzima. Raba nenda soko la mitumba la Karume asubuhi mapema wakati wanafungua mabelo, na usiende na mabinti wote maana bei inapanda wakiona timu, chora miguu yao kwenye karatasi uende nazo.