Kugongewa viza ya H-1B Nairobi: fanya haya kabla hujakata tiketi

Mtoto wa mama mdogo alinipigia simu usiku akiwa Minneapolis. "Kaka, tiketi nishakata. Naja Krismasi, nagongewa viza hapo Nairobi, Januari nimerudi kazini." Nikamuuliza pasipoti yake inaisha lini. Akanyamaza. Nikasikia droo ikivutwa, halafu makaratasi, halafu, "Eh, kaka, hiyo nayo ina neno?"

Ina neno kubwa, nitalifikia. Maelezo haya ni yale niliyompa kwa simu na ujumbe kwa muda wa wiki tatu, pamoja na yaliyonikuta mimi mwenyewe nilipopita njia hiyo. Yanamhusu Mkenya aliyekwenda Marekani kusoma kwa viza ya F-1, akapata kazi, mwajiri akamwombea H-1B, ile ya wafanyakazi wa kitaalamu, na hadhi ikabadilishwa akiwa hukohuko. Mtu huyu anafanya kazi kihalali kabisa, ila viza iliyo kwenye pasipoti yake ni ile ya uanafunzi, na mara nyingi imeshakufa. Akitoka nje, mlango wa kurudi haufunguki mpaka aende ubalozini.

Kwanza tuelewane: viza ni ya kubishia hodi mlangoni. Ukishaingia, kinachosema ukae mpaka lini ni rekodi ya I-94. Wengi huchanganya hivi viwili, na hofu nyingi zinatoka hapo. Viza iliyoisha ukiwa ndani ya Marekani si kosa. I-94 iliyoisha ni balaa.

Hatua ya 1: Jiulize kama safari ina haja

Kama unatoka kidogo tu kwenda Kanada au Meksiko kwa siku zisizozidi 30, unaweza kurudi na viza iliyoisha bora I-94 yako iwe hai na usiwe umeomba viza mpya ukiwa huko. Ukishaomba tu, nafuu hiyo imekwenda. Ule mtindo wa kupanda ndege kwenda kugongewa nchi ya jirani nao umebanwa: tangu Septemba 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inataka mtu aombe katika nchi ya uraia wake au anakoishi. Kwa Mkenya, hiyo ni Nairobi. Na ule mpango wa majaribio wa mwaka 2024 wa kuhuisha viza bila kutoka Marekani ulikuwa kwa watu ambao viza zao zilitolewa Kanada na India, kwa hiyo usipoteze muda kuutafuta.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza sasa ni lile la dola 100,000. Tangazo la rais la tarehe 19 Septemba 2025 linahusu maombi mapya. Aliyebadilishiwa hadhi akiwa ndani, maombi yakakubaliwa, hadaiwi hata akitoka na kuomba viza kwa maombi hayohayo. Idara ya uhamiaji yenyewe, USCIS, ilifafanua hivyo Oktoba 2025. Hata hivyo mwulize wakili wa mwajiri wako, akujibu kwa maandishi, na jibu hilo ulichape utembee nalo.

Hatua ya 2: Pasipoti

Chukua I-797 yako, ile barua ya USCIS ya kukubali maombi ya H-1B, angalia tarehe ya mwisho. Sasa fungua pasipoti, angalia tarehe ya mwisho. Kama pasipoti inatangulia kuisha, simama hapo. Ukirudi, afisa wa mpakani anaweza kukukatia I-94 kwa tarehe ya pasipoti badala ya tarehe ya I-797. Unafika nyumbani umefurahi, miaka yako mitatu imegeuka miezi saba na hujui. Mdogo wangu yake ilibaki miezi tisa. Akaanza upya: eCitizen, miadi ya alama za vidole, kusubiri. Tiketi ya Krismasi akaisogeza kwa faini. Ndiyo maana mimi nasema kila siku: tiketi inayobadilishika, au usikate.

Hatua ya 3: Karatasi

I-797 halisi, nakala ya maombi yote ya I-129 aliyoyapeleka mwajiri pamoja na LCA, hati yake kuhusu mshahara na masharti ya kazi, barua mpya ya mwajiri, hati za mshahara za miezi ya karibuni, W-2 (taarifa ya mwaka ya mshahara na kodi), vyeti vya shule, pasipoti zote za zamani. Ziweke kwenye jalada la kawaida la karatasi. Usizifunge kwa waya wala gundi, maana afisa akitaka moja tu utahangaika kuichomoa.

Hatua ya 4: Fomu ya DS-160

Hapa ndipo niliacha nusu ya nywele zangu. Soma polepole.

Hii ndiyo fomu ya mtandaoni ya kuombea viza. Usiijaze kwenye simu. Tumia kompyuta, na kabla ya kuandika neno la kwanza, nakili namba ya maombi inayotokea juu ya ukurasa. Inaanza na AA na kufuatiwa na sifuri mbili. Ni sifuri, si herufi O. Mimi niliiandika kwa mkono kwenye bahasha ya umeme, kesho yake nikawa najaribu kuifungua kwa herufi O mpaka nikaamini fomu imefutwa. Ukitaka kuifungua tena utaulizwa namba hiyo, herufi tano za kwanza za jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na jibu la swali la siri. Jibu la siri liandike pia. Hutalikumbuka.

Ukikaa dakika 20 bila kugusa kitu, fomu inakufukuza. Ukurasa wa kazi za nyuma ndio unaoua watu, kwa sababu unainuka kutafuta simu ya bosi wa zamani, ukirudi yote yamekwenda. Andika kwanza kila kitu kwenye faili la kawaida, halafu unakili. Na kila ukurasa bonyeza kuhifadhi. Kila ukurasa.

Tarehe. Sisi tumezoea siku kwanza, mwezi baadaye. Karatasi za Marekani zinaanza na mwezi. I-797 inayosema 10/01 inasema tarehe mosi Oktoba, siku H-1B nyingi zinapoanza kazi. Mimi niliisoma kama tarehe 10 Januari, nikaiandika hivyo, na fomu haikulalamika kwa sababu hiyo pia ni tarehe halali. Niliiona siku mbili baadaye nikiwa nakunywa chai. Tarehe za kuingia na kutoka Marekani usizikisie: ingia kwenye tovuti ya I-94, chukua historia ya safari zako, uiweke pembeni.

Majina. Watu wa pwani, hili ni letu. Tuna jina letu, la baba na la babu, na kila ofisi inaamua yenyewe lipi ni la ukoo. Pasipoti yangu imeweka la babu peke yake kama la ukoo. Kwenye I-797 jina la baba na la babu yote mawili yamewekwa kwenye nafasi ya ukoo, na mimi niliipitia karatasi hiyo bila kuona. Sasa nijaze lipi? Nilikaa juu ya swali hilo usiku mzima. Jibu: DS-160 inafuata pasipoti, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha. Namna jina lilivyoandikwa kwenye I-797 unaliweka pale wanapouliza kama umewahi kutumia majina mengine. Kama ni kosa la kuchapa la USCIS wenyewe, herufi imeruka au imegeuzwa, waombe warekebishe kwa njia ya mtandao kabla hujasafiri. Kama kosa lilianzia kwenye maombi, hilo ni la wakili, na mwandikie mapema. Aliye na jina moja tu kwenye pasipoti, upande wa pili huandikwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Asishangae akiliona kwenye viza.

Namba ya maombi ya H-1B ina tarakimu na herufi 13, juu ya I-797, ikianza na herufi tatu kama IOE au WAC. Hakikisha ni ya I-797 ya mwisho kabisa, kwa mwajiri wa sasa. Ubalozi unaitafuta kwenye mfumo wao kabla ya kukupa kitu.

Maswali mawili yanayowatia watu uongo bila kukusudia. Wanauliza kama uliwahi kunyimwa viza: kama mwaka ule wa kwanza wa F-1 ulirudishwa kuleta karatasi zaidi kwa kifungu 221(g), hilo kwao ni kunyimwa, andika ndiyo na ueleze kwa mstari mmoja. Wanauliza pia kama kuna aliyewahi kukuombea ukaazi wa kudumu: kama mwajiri ameshapeleka I-140, yaani maombi ya kukuombea ukaazi huo, andika ndiyo. Usiogope. H-1B inaruhusu mtu kuwa na nia zote mbili, na ile dhana ya kwamba kila mwombaji anataka kuhamia, inayowaangusha wa viza za utalii, sheria haiitumii kwa H-1B. Hutaombwa hati ya shamba la Kilifi kuthibitisha kwamba utarudi.

Na kosa langu kubwa. Nilishatuma fomu na kuweka miadi nilipoiona ile tarehe ya Oktoba. Nikajaza fomu mpya, ikanipa namba mpya, nikaichapa, nikalala. Usiku wa kuamkia miadi, nikiwa kwa shangazi Nairobi, nikalinganisha karatasi mbili mezani: uthibitisho wa fomu unasema namba hii, barua ya miadi inasema nyingine. Saa mbili usiku nikakimbilia saiba ya mtaani, kijana anafunga, nikamsihi. Niliingia kwenye akaunti ya miadi, nikabadilisha namba, nikachapa barua upya kwa shilingi kumi. Wewe usijaribu bahati hiyo. Namba ya fomu na ya miadi ziwe moja, na ukijaza fomu upya, badilisha kwenye akaunti saa hiyohiyo, siku nyingi kabla.

Hatua ya 5: Lipa, weka miadi

Ada ya H ni dola 205, hairudishwi. Ukijaziwa fomu na mtu wa pembeni kwa pesa, umelipa upate makosa ya mtu mwingine yenye sahihi yako.

Hatua ya 6: Mitandao ya kijamii

Fomu inataka majina ya akaunti zako za miaka mitano. Tangu tarehe 15 Desemba 2025 waombaji wa H-1B na familia zao wa H-4 wanatakiwa pia kuziacha wazi ili zikaguliwe. Wafanyakazi wengi wa India waliokuwa wamesafiri mwezi huo walisogezewa miadi kwa miezi. Kwa hiyo usimwambie bosi "wiki mbili". Omba ruhusa ya kufanyia kazi mbali, na uliza kwanza kama kampuni inaikubali ukiwa Kenya.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Ubalozi uko Gigiri, barabara ya United Nations. Simu na mabegi makubwa acha kwa aliyekusindikiza. Picha iwe ya sentimita 5 kwa 5, mandharinyuma meupe, bila miwani. Alama za vidole, foleni, dirisha. Mimi niliulizwa mwajiri ni nani, nafanya kazi gani hasa, mshahara, shahada nilisomea wapi. Mshahara uutaje kama ulivyo kwenye I-129, na kama umepandishwa sema umepandishwa. Kazi yako ieleze kama unavyomweleza mjomba, siyo kama mkutano wa ofisi. Mimi nilimaliza kabla miguu haijachoka.

Hatua ya 8: Kusubiri

Pasipoti wanabaki nayo. Ukifuatilia kwenye tovuti ya CEAC unaweza kukuta neno "Refused", yaani umekataliwa, hata pale walipokwambia wanakagua tu. Hilo ni 221(g) likisubiri, siyo mwisho. Mdogo wangu alilisoma saa tisa usiku akaniamsha analia.

Hatua ya 9: Kibandiko, halafu I-94

Tunasema "kugongewa", lakini hakuna mhuri. Ni kibandiko kinachojaza ukurasa. Kabla hujaondoka pale unapokichukua, soma jina, namba ya pasipoti, na maelezo ya chini yenye jina la mwajiri na tarehe ya mwisho ya maombi, inayotanguliwa na PED. Kosa likiwa humo, rudi nalo hapohapo.

Ukitua, iwe kwa ndege ya moja kwa moja ya JFK, New York, au kwa kuunganisha, usilale kabla ya kufungua I-94 mtandaoni. Hadhi isomeke H-1B, tarehe ifanane na I-797. Wakikuongezea siku 10 mbele ni kawaida. Mdogo wangu alifungua yake akiwa bado anangoja mizigo, akanitumia picha ya skrini bila neno lolote. Tarehe zilifanana.